Nairobi hadi New York: uruke moja kwa moja, au upitie Ulaya, Ghuba au Addis Ababa?

Hadi Oktoba 2018 swali hili halikuwepo. Kila aliyetoka Nairobi kwenda New York alilazimika kutua mahali, ashuke, asubiri, apande ndege nyingine. Tarehe 28 mwezi huo Kenya Airways ilianza kuruka kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy (JFK) bila kutua popote, mwaka mmoja na ushee baada ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama mnamo Februari 2017. Tangu hapo kila familia yenye mtu wake Marekani ina mabishano. Mmoja anaapa hashuki tena uwanja wa ugenini usiku wa manane. Mwingine anamwona mwenzake anachezea pesa, kwa kuwa tofauti ya nauli peke yake inamlipia mtoto karo.

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea safari yake. Hapa nimeziweka njia nne zinazotumiwa zaidi na kuzipima kwa mizani moja: moja kwa moja, kupitia Ulaya, kupitia Ghuba, na kupitia Addis Ababa.

Vigezo

Nimetumia vigezo sita: umbali na saa za angani, jumla ya safari, yaani tangu ndege ya kwanza iruke hadi ya mwisho itue, saa unayoondoka na kufika, nauli na mizigo, karatasi za kupitia nchi za watu, na kinachokupata mambo yakiharibika njiani.

Nauli nimeiweka ya nne makusudi. Watu huanza nayo, wakamalizia nayo, halafu wanagundua kwamba tiketi ya bei poa ina saa 11 za kukaa kwenye viti vya chuma, au imeunganishwa kwa tiketi mbili zisizojuana.

Kabla ya hapo, kuna mitego miwili ya saa. Wa kwanza ni kwamba tiketi huonyesha saa za pale ndege ilipo. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa saa 8 miezi iliyobaki. Ukiona ndege inaondoka usiku na kutua alfajiri ya siku ifuatayo, usidhani umeruka saa saba. Wa pili ndio umewaachisha wengi ndege. Tiketi ikisema 00:10 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika kumi usiku, na mtu anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 14. Sisi tunaohesabu usiku kuwa mwanzo wa siku mpya tangu magharibi tunapaswa kuwa waangalifu hapo kuliko wengine. Kila mwaka kuna mtu anayefika na mabegi yake jioni ya tarehe 15, ndege yake ikiwa imeshatua.

Umbali: ramani ya ukutani inadanganya

Kwenye ramani bapa, kwenda New York kwa kupitia Amsterdam kunaonekana ni kuzunguka: unapanda kaskazini kabisa, halafu unageuka magharibi. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York, na utaona uzi wenyewe unaelekea kaskazini-magharibi, unavuka Sahara kisha Atlantiki. Ulaya haiko mbali sana na mstari huo. Ghuba ndiyo iko kinyume kabisa: unaanza kwa kwenda mashariki ili ufike magharibi.

Takwimu hizi ni za mstari mfupi zaidi juu ya tufe, nimezikadiria. Ndege halisi huzidisha kidogo kwa sababu ya hali ya hewa na anga zilizofungwa. Saa za kwenda na kurudi ni za angani tu, bila kusubiri.

| Njia | Kilomita | Kwenda | Kurudi |
|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | 11,800 | saa 15 | saa 14 |
| Paris | 12,300 | saa 16 na nusu | saa 15 na nusu |
| London | 12,400 | saa 16 na nusu | saa 15 na nusu |
| Amsterdam | 12,500 | saa 16 na nusu | saa 15 na robo |
| Istanbul | 12,800 | saa 17 na nusu | saa 16 na nusu |
| Addis Ababa na Lomé | 13,600 | saa 18 na nusu | saa 17 |
| Doha | 14,100 | saa 19 na robo | saa 17 na nusu |
| Dubai | 14,600 | saa 19 na robo | saa 17 na nusu |

Itazame Amsterdam. Inaongeza kilomita 700 hivi tu juu ya mstari wa moja kwa moja. Kwa basi hiyo ni zaidi ya Nairobi hadi Mombasa, lakini kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa haifiki hata saa moja. Muda mwingine wote unaoupoteza kwa kupitia Ulaya unapotelea chini: kushuka taratibu, kuzunguka hadi langoni, kusubiri, kukaguliwa tena, kupanda tena. Ndiyo maana kwa Ulaya swali la maana ni kusubiri kwa saa ngapi, wakati kwa Ghuba hata ukibahatika kuunganisha haraka, bado umeshaongeza zaidi ya kilomita elfu mbili.

Kwenda kunachukua muda mrefu kuliko kurudi kwa sababu pepo za juu, hasa juu ya Atlantiki ya kaskazini, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea New York unapigana nazo, ukirudi zinakusukuma. Majira ya baridi ya kule pepo hizo huwa kali zaidi, kwa hiyo tofauti ya Januari ni kubwa kuliko ya Julai.

1. Moja kwa moja na Kenya Airways

*Umbali na saa.* Karibu saa 15 kwenda na 14 kurudi, ndani ya Boeing 787-8 yenye viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya daraja la kawaida. Si ndege ndefu kuliko zote duniani; ile ya Singapore hadi New York inapita kilomita 15,000. Lakini saa 15 kwenye kiti kimoja si mchezo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya kukaa saa nne au zaidi, na hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mzima wa afya. Mwenye historia ya ugonjwa huo, mjamzito au aliyetoka kufanyiwa upasuaji amwone daktari kwanza. Wengine wote wanyooshe miguu, wanywe maji, wasione haya kumpita jirani.

Kuna jambo moja la 787 ambalo mwili huligundua hata kama mwenye mwili halijui: hewa ndani yake hushindiliwa kufikia ile ya mwinuko wa mita 1,800 hivi, tofauti na mita 2,400 za ndege nyingi za zamani. Kwa mkazi wa Nairobi hiyo ni hewa ya nyumbani.

*Jumla ya safari.* Ni hizo hizo saa za angani. Hakuna njia nyingine inayoikaribia. Anayefuata kwa karibu yuko nyuma kwa saa nne au tano.

*Kuondoka na kufika.* Kwa kawaida huruka usiku na kutua asubuhi mapema. Si suala la abiria kupata usingizi tu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na mchana wa jua huzidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji ubaridi wa usiku ili ipae na mzigo kamili. Kufika asubuhi kuna uzuri wake, kwani siku nzima iko mbele yako, na kuna ubaya wake pia: hoteli nyingi za New York hazikupi chumba hadi saa tisa alasiri.

Kurudi ndiko ninakokupenda zaidi. Unaondoka New York mchana na kutua Nairobi asubuhi ya kesho yake, saa nne au tano. Mtu wa Mombasa anawahi treni ya Madaraka Express ya saa tisa alasiri pale Syokimau, karibu kabisa na uwanja. Mtu wa Kisumu au Eldoret anapata ndege ya ndani siku hiyo hiyo.

*Nauli na mizigo.* Mara nyingi ni ghali kuliko kupitia mahali, ingawa si kila wiki. Disemba na kuanzia Juni hadi Agosti nauli hupanda kwa kila mtu, na hapo tofauti yenyewe wakati mwingine hupungua. Tiketi ya kawaida huwa na mabegi mawili ya kilo 23, lakini zipo nauli za chini zenye begi moja, kwa hiyo soma kabla ya kulipa.

*Karatasi.* Pasipoti na visa ya Marekani, basi. Hakuna nchi ya tatu inayokuuliza chochote. Tegemea ukaguzi wa ziada langoni kabla ya kupanda. Marekani ndiyo inayoutaka, si ukali wa wahudumu.

*Mambo yakiharibika.* Hapa ndipo udhaifu wake. Ni ndege moja kwa siku, na misimu mingine si kila siku. Ikiahirishwa, hakuna ya saa tatu baadaye. Mgomo wa marubani wa Novemba 2022 uliwaacha maelfu wakiwa hawana pa kwenda. Afueni ni kwamba shirika liko ndani ya SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, kwa hiyo linaweza kukuhamishia kwa Air France au Delta, viti vikiwepo.

*Inamfaa nani.* Mzee anayesafiri peke yake, mama mwenye mtoto mchanga, mwenye likizo fupi, na yeyote ambaye mwisho wa safari yake ni New York yenyewe, New Jersey au Connecticut. Kuhusu wazee nitarudi chini.

2. Kupitia Ulaya

*Umbali na saa.* KLM kupitia Amsterdam, Air France kupitia Paris, British Airways kupitia London; Turkish Airlines kupitia Istanbul nayo naiweka humu. Kwa miji ile mitatu ya magharibi, vipande viwili vinakaribia kulingana, saa nane na nane hivi. Wapo wanaoupenda mgawanyo huu kwa dhati. Unalala kipande cha kwanza, unanyoosha mgongo asubuhi, unanywa kahawa, unaangalia filamu mbili kipande cha pili. Istanbul hugawa saa 7 na 11.

*Jumla ya safari.* Ukipata muunganiko mzuri wa saa mbili au tatu, unafika kwa saa 19 hadi 20. Usishawishike na muunganiko wa saa moja na dakika kumi hata kama mfumo umekubali kuuza. Viwanja hivi ni vikubwa, foleni za ukaguzi hazitabiriki, na mabegi yako hayakimbii kama wewe.

*Kuondoka na kufika.* Ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane, na New York unaingia mchana au alasiri, saa nzuri kwa anayekwenda hotelini. Kurudi, unavuka Atlantiki usiku, unashika ndege ya asubuhi Ulaya, unatua Nairobi usiku. Anayeendelea mkoani ahesabu kulala Nairobi.

*Nauli na mizigo.* Ushindani ni mkubwa, kwa hiyo bei za miezi mitulivu, mathalani Februari na Machi au Oktoba, hushuka vizuri. Angalia mizigo kwa macho mawili: nauli za chini kabisa za kuvuka Atlantiki wakati mwingine hazina begi hata moja la chini, na ukilinunua uwanjani, nafuu yote imekwisha.

*Karatasi.* Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nchi za Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zinazotumia visa moja, zina orodha ya pamoja ya uraia unaotakiwa kuwa na visa ya kupita uwanjani hata kama hutoki nje. Kenya na Tanzania hazimo. Kongo ya Kinshasa imo, pamoja na Somalia na Ethiopia. Uingereza ina orodha yake ndefu zaidi, na humo Mkenya, Mtanzania na Mganda wamo. Mwenye visa halali ya Marekani kwa kawaida huondolewa sharti hilo pande zote mbili, ndiyo maana wengi wamepita London bila kujua kama kulikuwa na sharti.

Tatizo huja wakati wa kurudi. Mwanafunzi aliyeingia Marekani kwa visa ya mwaka mmoja na kukaa minne kihalali, visa yake kwenye pasipoti imeshakufa. Anaponunua tiketi ya kurudi nyumbani kupitia London, ule msamaha wa kwenda unaweza usimfae. Kabla ya kulipa, aangalie kwenye tovuti ya serikali ya nchi anayopitia, si kwa rafiki wa rafiki.

*Mambo yakiharibika.* Upande wa nguvu wa njia hii ni wingi wa ndege. Kutoka London au Paris kwenda New York kuna ndege asubuhi hadi jioni, kwa hiyo ukikosa moja kwenye tiketi moja, shirika linakutafutia nyingine siku hiyo hiyo mara nyingi. Lakini Ulaya nayo ina theluji ya Januari, ukungu, na migomo. Tarehe 21 Machi 2025 Heathrow, uwanja mkuu wa London, ilifungwa karibu siku nzima kwa moto wa kituo cha umeme.

*Inamfaa nani.* Anayetaka uwiano wa bei na muda, asiyeweza kukaa saa 15 mfululizo, na hasa anayekwenda mji mwingine wa Marekani. Waswahili wa Minnesota wanalijua hili: kuna ndege kutoka Amsterdam hadi Minneapolis moja kwa moja, na kwao kushukia New York ni kuongeza uwanja usio na kazi.

3. Kupitia Ghuba

*Umbali na saa.* Kilomita 14,000 na zaidi, na mgawanyo usio sawa: saa tano hadi Doha au Dubai, halafu saa 14 hivi hadi New York. Kwa maneno mengine, kipande chako kirefu kinakaribia kulingana na safari nzima ya moja kwa moja, na tayari umeshasafiri kabla ya kukianza. Sioni sababu ya kulificha hilo. Anayekimbia kukaa muda mrefu kwenye kiti, hapa hajakimbia kitu.

*Jumla ya safari.* Saa 22 hadi 26 ukiunganisha vizuri. Ukiona ndege ya Emirates kwenda New York yenye bei tofauti na nyingine, tazama kama ni ile inayopitia Milan, au inayopitia Athens kwenda Newark, uwanja mwingine ulio jirani na New York. Namba ya ndege ni moja, lakini inatua.

*Kuondoka na kufika.* Kuna ndege nyingi kutoka Nairobi, mchana na usiku, kwa hiyo unachagua saa inayokufaa. New York unaingia zaidi alasiri.

Etihad kupitia Abu Dhabi ina jambo la pekee: maofisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani wako pale pale uwanjani tangu 2014. Unamaliza mahojiano yote kabla ya kupanda, na ukitua New York unatoka kama uliyetoka Chicago. Kwa mtu ambaye foleni ya uhamiaji baada ya safari ndefu humtia homa, hii ni sababu tosha. Ongeza tu muda wa kuunganisha.

*Nauli na mizigo.* Mara nyingi bei zao ni za ushindani, na huduma ndani ya ndege ina sifa njema. Mizigo ya kwenda Marekani kwa kawaida ni mabegi mawili ya kilo 23, lakini mashirika haya nayo yana nauli za ngazi mbalimbali.

*Karatasi.* Kupita ndani ya uwanja hakuhitaji visa kwa wengi wetu. Kutoka nje kutembea ni habari nyingine, na masharti hutofautiana kwa pasipoti. Kwa muunganiko mrefu, mashirika mengine hutoa chumba cha hoteli iwapo hakuna ndege ya karibu zaidi. Huombwa mapema, huwezi kukidai ukiwa umeshafika.

*Mambo yakiharibika.* Mashirika ni makubwa na ndege ni nyingi. Hatari ni ya anga yenyewe: Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zikageuzwa huku na kule. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha Dubai na kuvuruga uwanja kwa siku kadhaa.

*Inamfaa nani.* Mwenye ndugu Doha, Dubai au Muscat wa kumsalimia njiani. Anayekwenda Dallas, Houston au Boston, ambako mashirika ya Ghuba yana ndege za moja kwa moja. Na anayeanzia Dar es Salaam au Zanzibar, kwa sababu nitakazotaja. Msafiri anayejali chakula cha halali na mahali pa kuswali hapati shida huko. Ulaya pia vipo, ila chakula huagizwa mapema na chumba cha ibada hutafutwa.

4. Kupitia Addis Ababa

*Umbali na saa.* Saa mbili hadi Addis, kisha ndege ya Ethiopian Airlines ya Newark ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikitua Lomé, Togo. Addis iko mita 2,300 na ushee juu ya bahari. Kuruka kutoka hapo na mafuta ya kuvuka Atlantiki yote ni kazi ngumu kwa ndege, ndiyo maana husimama mahali.

*Jumla ya safari.* Kuanzia saa 22 kwenda juu. Uwanja wa Bole hujaa sana usiku, wakati ndege za bara zima zinapokutana.

*Kuondoka na kufika.* Kwa ndege hiyo ya Lomé unafika Newark, iliyoko New Jersey, si JFK. Kwa anayekwenda Newark yenyewe, Jersey City au Elizabeth hiyo ni faida, na treni ya kuingia Manhattan ipo. Kwa anayepokewa Queens au Brooklyn, mpokeaji ataombwa subira.

*Nauli na mizigo.* Mara nyingi ndiyo ya chini au karibu na ya chini, na mabegi mawili ni kawaida.

*Karatasi.* Kupita Addis ndani ya uwanja ni rahisi.

*Mambo yakiharibika.* Vipande ni vitatu, kwa hiyo nafasi za kuchelewa nazo ni tatu. Kwa upande mwingine, Ethiopian ina ndege nyingi kurudi Nairobi kwa siku, kwa hiyo kukwama Addis wakati wa kurudi si kwa muda mrefu.

*Inamfaa nani.* Mwenye muda kuliko pesa, anayefikia New Jersey, na anayeanzia mji ambao Ethiopian huufikia kuliko wengine: Bujumbura au Lubumbashi.

Kwa hali yako

*Mama au baba anakuja kumwona mjukuu, na hajawahi kupanda ndege.* Moja kwa moja, hata kama mtachangishana. Mhudumu anayemwambia kwa Kiswahili mahali pa kujaza fomu na choo kilipo ana thamani kubwa kuliko tofauti ya nauli. Ombeni kiti cha magurudumu mapema hata kama anatembea vizuri. Humvusha foleni na mtu humwongoza hadi kwa wapokeaji. Mwambieni mapema kuhusu mizigo: majani ya chai na unga wa ugali hupita, mradi ataje kwenye forodha, nyama na matunda mabichi yatachukuliwa, na asipoyataja anaweza kutozwa faini.

*Unakwenda kikao au mazishi na una siku nne.* Moja kwa moja, ikiwa siku zake zinalingana na zako. Zisipolingana, Ulaya.

*Ni mwanafunzi anayekwenda kuanza masomo Agosti.* Kwanza angalia chuo kiko mji gani. Cha Massachusetts au Texas, linganisha jumla ya safari hadi mji huo, si hadi New York. Kumbuka kwamba, isipokuwa umeumaliza Abu Dhabi, uhamiaji hufanyika uwanja wa kwanza wa Marekani unaoshukia: unachukua mabegi yako, unapita forodha, unayakabidhi tena. Chini ya saa tatu kati ya kutua JFK na ndege ya ndani ni kujitafutia presha.

*Ni familia ya watu watano, likizo ya Disemba.* Hapa tofauti ndogo kwa kila tiketi huzidishwa mara tano. Pima Ulaya na Ghuba kwa pamoja, na ununue tiketi zote kwenye kumbukumbu moja, yaani namba moja ya booking, ili ndege ikikosewa msitawanywe. Wenye watoto wadogo waangalie urefu wa kusubiri kuliko urefu wa kuruka. Mtoto hulala ndani ya ndege, uwanjani hukimbia.

*Unaanzia Dar es Salaam, Kampala au Kigali.* Moja kwa moja kutoka Nairobi si tena moja kwa moja kwako, ni kuunganisha kama wengine. Kutoka Dar unaweza kupitia Amsterdam, Doha, Dubai, Istanbul au Addis bila kugusa Nairobi. Njia ya Nairobi hushinda pale tu ndege ya kwanza inapokuacha Nairobi jioni hiyo hiyo, kwa tiketi moja.

*Umeona tiketi mbili tofauti ambazo jumla yake ni nafuu.* Yaani umenunua Nairobi hadi London peke yake, na London hadi New York kwa shirika jingine. Ukichelewa ya kwanza, ya pili haikujui. Huenda pia ukalazimika kuingia nchini kuchukua mabegi, na hapo visa ya kupita uwanjani haitoshi. Kama ni lazima, lala usiku mmoja katikati, na uwe na visa ya kuingia.